Kuosha Si Kutakasa

Ndugu mwanafunzi, usivichanganye vitenzi hivi viwili. Kuosha ni kuondoa uchafu unaouona. Kutakasa, kwa lugha ya afya, ni kuua vijidudu usivyoviona. Ndiyo maana dawa ya kupaka viganjani huitwa kitakasa mikono.

Tofauti hiyo ina uzito hapa Kator, mjini Juba, ambako akina mama hupika merisa, pombe ya mtama, ili wapate karo ya watoto. Maji mengi ya mji huu huletwa kwa malori kutoka Mto Nile, na Oktoba 2024 mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa nchini. Mama akiisuuza mitungi kwa maji yasiyotibiwa, ameiosha, hakuitakasa. Huenda hata ameurudisha ugonjwa ndani yake.

Wapo wasemao kwamba pombe hujitakasa yenyewe. Hoja hiyo ni dhaifu: merisa haina ukali wa kutegemewa. Wapo pia wamiminao klorini kwa kukisia, wakiamini kwamba harufu kali ndiyo usalama. Nao wamekosea. Klorini hupungukiwa nguvu penye uchafu, hula chuma, na ikichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi ya sumu.

Ipi basi njia salama? Sugua kwanza kwa sabuni. Vyombo vya chuma vichemshe. Dumu la plastiki lisilohimili maji yachemkayo lijaze maji safi, ukitia kijiko kimoja cha chai cha klorini ya asilimia 5, isiyo na manukato, kwa kila lita. Subiri dakika 10, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Dumu lililowahi kubeba viuatilifu halitakasiki, usilitumie kamwe.

Lakini lawama yangu kubwa siwatupii akina mama. Nawatupia wale wanaodhani kwamba rungu ni dawa. Kumwaga pombe na kuvunja mitungi hakuui kijidudu hata kimoja. Huwafanya wapishi wajifiche, mahali asipofika afisa wa afya. Makaa yana bei, na maji safi yana bei. Wewe unayedai usafi kwa jirani yako, dai kwanza maji safi mtaani kwenu. Anayeamuru “Takasa!” bila kutoa maji hajaelimisha mtu, ametisha tu.