Homoni si Dawa ya Macho

Mwanamke wa miaka hamsini na ushei akifika kliniki akilalamika joto la ghafla mwilini na kukosa usingizi, mhudumu humwelewa mara moja: hedhi inakoma. Akiongeza kwamba macho yanamwasha kana kwamba yameingia mchanga, huambiwa ni uzee, au hupewa matone ya mzio. Hapo ndipo huduma inapokosea, kwa kuwa malalamiko hayo mawili yaweza kuwa na chimbuko moja.

Jicho nalo hupokea ujumbe wa homoni. Tezi ndogo zilizo kwenye kingo za kope hutoa mafuta yanayozuia machozi yasikauke, na tezi hizo hutegemea sana androjeni, homoni ambazo wengi hudhani ni za wanaume pekee. Umri unavyosonga androjeni hupungua, mafuta yakawa haba na machozi yakakauka upesi. Ajabu ni kwamba jicho kavu huweza pia kutiririsha machozi, jambo linalowapoteza wagonjwa na hata baadhi ya wahudumu.

Wapo wanaohitimisha kwamba, maadamu homoni zimepungua, kidonge cha estrojeni ndicho tiba. Ushahidi hauwaungi mkono. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 25,665 waliokoma hedhi. Kwa waliotumia estrojeni peke yake, uwezekano wa kuwa na ukavu wa macho ulizidi kwa asilimia 69 ule wa wasiotumia homoni. Kwa waliochanganya na projesteroni, ulizidi kwa asilimia 29. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kidonge ndicho kilicholeta ukavu, lakini unatosha kumzuia daktari asikiandike kwa ajili ya macho. Kwa joto kali la ukomo wa hedhi kina nafasi yake, baada ya kupimwa hatari ya damu kuganda na kiharusi.

Glakoma ina sura nyingine. Huko Rotterdam, Uholanzi, ilionekana zaidi kwa wanawake waliokoma hedhi kabla ya miaka 45 kuliko waliokoma baada ya 50. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Kwa hiyo aliyekoma hedhi mapema anastahili kupimwa shinikizo la jicho na kuchunguzwa mshipa wake wa fahamu, hata kama anaona vizuri.

La kuogofya zaidi ni matone yenye steroidi. Hutuliza wekundu kwa siku chache, mgonjwa akayasifu na kuyanunua tena dukani bila cheti. Yakitumiwa kwa miezi huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mama aliyekuja na ukavu tu akajikuta na ugonjwa wa kupofusha. Mhudumu na amuulize alikoma hedhi akiwa na umri gani, kama kuna ndugu mwenye glakoma, na ni matone gani anayotia. Jina la dawa likimtoka, aje na chupa yenyewe.