Sedani ya Tabo: Nunua Injini na Kumbukumbu Zake, Nembo Baadaye

Wadau, leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka kuandika kuhusu magari, kwa sababu siku hizi kila nikikaa na vijana wenzangu wa kompyuta, dakika kumi haziishi kabla mtu hajatoa simu kuonyesha Audi A4, BMW 320i au Mercedes C200 aliyoiona mahali. Zote zina tabo, zote zimetumika, zote zinang'aa. Na bei yake, ukiilinganisha na ya Toyota ya mwaka ule ule, unaweza kudhani mwenye yadi amekosea hesabu.

Hajakosea. Bei iko chini kwa sababu soko linajua jambo ambalo mnunuzi hajauliza. Msimamo wangu ni huu: sedani ya kifahari ya tabo isiyo na kumbukumbu za matengenezo haina bei nzuri, hata ukiuziwa nusu. Ikiwa nazo, inaweza kuwa gari linalomfaa mkazi wa Nairobi kuliko mengi tunayonunua kwa mazoea. Nianze na hilo la pili, maana wanaoziponda tabo huziponda bila kukumbuka wanaishi wapi.

Mimi naishi Tassia. Uwanja wa ndege wa JKIA, ambao hauko mbali na hapa, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe, kwa hiyo lita 2.0 ulizolipia zinapumua hapa kama lita 1.6 na kitu. Ukipanda Limuru ndiyo zinapungua zaidi. Tabo huisukuma hewa ndani mpaka ifike kiwango ambacho kompyuta ya injini imekiagiza, uwe Likoni au uwe Limuru. Ndiyo maana Passat ya 1.4 hupanda Waiyaki Way kwenda Kikuyu bila kulalamika, huku gari la 2.0 lisilo na tabo likihangaika kutafuta gia.

Kodi nayo inasaidia kidogo. Gari lenye injini isiyozidi sisi 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, likizidi hapo ni 25 (yale ya injini kubwa sana ni 35). A4 ya 1.4 TFSI ina sisi 1,395. C200 za matoleo ya mwisho ya W205 zina 1,497, na huhitaji kuuliza kwa nini Wajerumani walisimamia hapo. Si Kenya peke yake inayotoza kwa ukubwa wa injini.

Lakini hewa nyembamba ina gharama yake. Ili kufidia, tabo ya Nairobi huzunguka kasi zaidi kuliko ya pwani kwa kazi ile ile. Na kasi yenyewe si ya mchezo: mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili, pembeni ya gesi ya moto inayotoka kwenye injini. Oili ikizeeka, ikipungua au ikiwa si ile iliyoagizwa, utando ule hukatika. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu tabo iliyotumika ni la oili. Nani aliibadilisha, lini, kilomita ngapi, na aliweka ipi? Kasi ya gari uulize baadaye.

Sasa nembo. Sisi wa programu tunajua kwamba jina la programu halikuambii kitu mpaka ujue ni toleo gani. Magari ni hivyo hivyo, ila wauzaji hawaandiki toleo kwenye buti. Chukua BMW 320i ya umbo la F30. Za kuanzia 2012 zina injini ya N20, ambayo inajulikana duniani kote kwa miongozo ya plastiki ya cheni ya taimingi. Plastiki ikivunjika, cheni hulegea, na cheni ikiruka, pistoni na vali hukutana mahali ambapo hazikupaswa kukutana. Baada ya kuboreshwa kwa F30 mwaka 2015, 320i ikaanza kuja na injini nyingine kabisa, B48. Nembo ni ile ile, taa zinafanana kwa mbali, na bei kwenye yadi huweza kukaribiana. Mimi B48 ningeifikiria. N20 ningetaka risiti ya cheni mkononi kabla hata sijafungua mlango.

Audi A4 ya umbo la B8 yenye 2.0 TFSI, hasa ya 2009 mpaka 2011, inakunywa oili. Si uvumi wa mafundi. Marekani wenye magari hayo walikwenda mahakamani na kampuni ikakubali kuwatengenezea. Tatizo ni pistoni na ringi zake, na dawa ni kufungua injini. Kama hakuna ushahidi kwamba ilifanywa, achana nayo.

Volkswagen na Audi ndogo zina jambo la giaboksi. DSG ya gia 7 yenye klachi kavu ilisababisha Volkswagen kuita magari yapatayo milioni 1.6 duniani mwaka 2013 ili yabadilishiwe oili ya giaboksi. Zilizofuata ni bora, lakini klachi kavu bado haipendi foleni. Na Outer Ring saa kumi na mbili jioni ni nini kama si foleni? Ukilijaribu gari la namna hiyo, usilipeleke barabara tupu. Lipeleke kwenye jamu, liache litambae, usikilize kama linatetemeka likianza kuondoka.

Mercedes W204 zenye maandishi Kompressor, ambazo watu huziita tabo, hazina tabo. Kompressor huzungushwa na mkanda wa injini. Ikikuuma kichwa, si kwa ugonjwa huu ninaoueleza. Cheni ndiyo ya kuangalia pale. Na ndugu zangu wa Subaru Legacy B4 ya tabo mbili, zile za kabla ya 2003, nawapenda lakini leo simo. Gari la zaidi ya miaka ishirini ni mapenzi, halihitaji ushauri.

Niseme kwa nini nimeshikwa na jambo hili. Mwenzangu wa kazini ameniomba nimdhamini kwenye sacco achukue mkopo wa A4. Anataka kulipa kila shilingi ya mkopo kwa gari lenyewe. Nimemwambia nitaweka sahihi kwa sharti moja: kama mkopo ni milioni moja na nusu, gari lisizidi milioni moja na laki moja. Laki nne zibaki. Ameniona bahili wa pesa za wenyewe. Lakini mkopo wa sacco hauulizi kama gari liko barabarani au limelala kwa fundi. Makato hutoka kwenye mshahara mwisho wa mwezi vile vile, na asipolipa yeye, akiba yangu ndiyo inafuatwa. Mtu akinunua Mark X kwa pesa zake zote, likiharibika atapata spea Kirinyaga Road na fundi wa kulifunga hata Kariobangi. Akinunua A4 kwa pesa zake zote na pampu ya mafuta ya mgandamizo mkubwa ikafa, gari linakuwa pambo la parking. Parking zenyewe za Tassia mnazijua, ghorofa sita na nafasi nne.

Basi unajuaje kama gari lina afya? Hapa ndipo vijana wa kompyuta tuna nafasi kuliko wengine, na ajabu ni kwamba hatuitumii. Kila moja ya magari haya lina soketi ya OBD chini ya usukani. Nunua kifaa kidogo cha ELM327 cha bluetooth, weka programu kwenye simu, soma misimbo ya hitilafu. Muuzaji mjanja atakuwa ameifuta. Usivunjike moyo, kwa sababu kufuta logi nako huacha alama. Kompyuta ya injini ina vipimo vyake vya ndani, vya oksijeni, vya katalisti, vya mvuke wa mafuta, ambavyo hukamilika gari likiendeshwa kwa siku kadhaa. Ukifuta misimbo, vipimo navyo hurudi mwanzo. Kwa hiyo ukikuta hakuna hitilafu hata moja lakini vipimo karibu vyote havijakamilika, jua kuna mtu alifuta jana au asubuhi hiyo. Muulize alifuta nini.

Kilomita pia. Dashibodi ni skrini tu. Katika BMW, kwa mfano, kilomita huhifadhiwa kwenye kompyuta zaidi ya moja ndani ya gari, na fundi mwenye kifaa kamili cha BMW anaweza kuzisoma zote. Nakala zisipolingana, unajua ni ipi iliyochezewa. Kwa gari lililotoka Japani, mwagizaji akupe nakala ya karatasi ya mnada na hati ya kulisafirisha nje. Hati hiyo huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa Japani. Herufi R kwenye karatasi ya mnada maana yake liligongwa likatengenezwa. Wenye yadi wengi wanazo karatasi hizi. Anayesema zimepotea hajapoteza karatasi za magari yake mengine.

Sheria ya umri wa miaka 8 inafanya soko ligawanyike mara mbili. Linaloingia bandarini leo ni jipya kiasi, lina karatasi za Japani, na ni ghali. Yale ya 2010 au 2012 unayoyaona kwa bei tamu yalishaingia zamani, yamepitia mikono miwili mitatu ya hapa hapa, na hapo karatasi za Japani hazisemi lolote. Unataka risiti za Nairobi. Ukipewa bahasha yenye risiti chafu za oili za kila kilomita 5,000 au 7,000, zenye jina la oili na namba ya gari, hiyo bahasha nailipia laki moja zaidi bila kubishana. Nyaraka za programu isiyo yangu nazithamini hivyo hivyo, hasa nikirithi kazi ya mtu aliyeondoka.

Siku ya kuliona, nenda asubuhi mapema bila kutangaza saa, uguse boneti. Ikiwa ya moto, mtu ameliwasha kwa sababu. Rudi siku nyingine ulisikie likiwashwa baridi. Mlio wa cheni sekunde za kwanza, kama misumari ndani ya kopo, ndio unaofichwa. Liache linguruma dakika tano, kisha kanyaga mafuta huku mwenzako akiangalia ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, iwe ya ringi au ya tabo. Halafu fungua kifuniko cha mafuta usome kibandiko. Kama kimeandikwa kwa Kijapani kwamba ni la petroli ya daraja la juu, ujue kule petroli hiyo huuzwa ikiwa na oktani karibu 100, na gari halijabadilisha tabia kwa kupita Bahari ya Hindi. Ukiweka ya chini, kompyuta hurudisha nyuma muda wa cheche ili kujilinda, nguvu zinapungua na matumizi yanapanda. Muuzaji akikataa kuchomekewa kifaa au kwenda kwa fundi unayemchagua wewe, mshukuru, ondoka.

Ukishanunua, wiki ya kwanza badilisha oili hata kama umeambiwa imebadilishwa juzi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, sio kwa rangi ya kopo. Kilomita 15,000 za kitabu cha Ulaya zihesabu kuwa 7,000 huku kwetu, ukikumbuka jamu na safari fupi. Ukitoka Expressway umelikimbiza, liache linguruma dakika moja kabla ya kuzima. Na filta ya hewa, kwa vumbi hili la barabara zetu za ndani Tassia, ifungue uitazame kila unapomwaga oili.