Kabla ya Kutuletea Kitalu Nyumba, Tuangalie Jua la Kwetu

Jamani, mada hii tumebishana sana kwenye grupu. Leo tumeona tuiandike, ili wenzetu na ndugu zetu wa mashirika waisome.

Sisi ni vijana wa Mocímboa da Praia. Wengi wetu tulikimbia mji ulipotekwa Agosti 2020. Ulikombolewa Agosti 2021, na tumekuwa tukirudi kidogo kidogo tangu hapo. Machamba ya mbali bado yanatutia hofu, kwa hiyo bustani ya uani kwetu sio pambo. Ndiyo mboga ya jioni.

Sasa linakuja wazo la kitalu nyumba, kile cha mabomba na nailoni tunachokiona kwenye simu. Kwenye picha kinapendeza kweli. Lakini msimamo wetu ni huu: kwa hapa kwetu, sicho.

Kwanza, joto. Kazi ya nailoni iliyofungwa pande zote ni kukamata joto, na sisi joto tunalo bure. Nyanya ikishachomwa na zaidi ya nyuzi 35 mchana, maua yanapukutika bila kushika tunda. Pili, upepo. Nani amesahau Kenneth wa Aprili 2019, au Chido wa Desemba 2024 aliyepiga kusini mwa mkoa wetu? Nailoni kubwa kwenye upepo ule ni tanga, hakuna zaidi.

Wapo wenzetu wanaosema kitalu kitaleta nyanya za kuuza wakati wa masika, bei inapopanda. Hoja hiyo ni ya kweli. Ila kinachookoa nyanya wakati wa mvua ni paa tu. Kuta za nailoni hazina kazi pale. Mvua ikianza, funika juu, acha pembeni wazi hewa ipite.

Kwa hiyo tunachotaka ni kibanda cha kivuli: nguzo za mianzi, kimo cha mtu na kidogo, juu wavu wa kivuli unaozuia jua kama asilimia 30 hadi 50. Wavu hakuna? Makuti yaliyotandazwa kwa nafasi yanatosha kwa miche na mchicha.

Mahali pa kukiweka ndipo wengi tunapokosea. Video nyingi zinasema bustani iangalie kusini. Hao wanaongea na watu wa Ulaya na Marekani. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na mwezi wa Juni jua letu la mchana linaegemea kaskazini. Ukipanda nyuma ya nyumba upande wa kusini, ukuta utakula mwanga wako. Kuanzia Oktoba hadi Februari jua liko karibu utosini, hapo kivuli cha juu ndicho kinachosaidia. Jua kali la alasiri linatoka magharibi, basi panda mapapai upande huo. Upande wa bahari weka ua wa makuti wenye matundu, upunguze kusi na chumvi yake. Na kabla ya yote onja maji ya kisima. Kama yana chumvi, tafuta mahali pengine.

Lipo jambo moja ambalo hakuna video inayolisema. Kiwanja cha jirani ambaye hajarudi sio kiwanja kitupu. Tumeona ugomvi ukianza kwa tuta moja la mchicha. Muulize mwenyewe, au ndugu zake, au wazee wa mtaa, ndipo uchimbe.

Na tunafunga kwa kamba, hatumwagi zege. Tunalisema kwa uchungu, lakini tunalisema: kama tutalazimika kuondoka tena, wavu unakunjwa na kubebwa kichwani. Kitalu cha mabomba kitabaki.

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua mnatupenda na mnataka kitu kinachoonekana. Kitalu kimoja kikubwa kinaonekana hata kutoka barabarani, na kina ufunguo mmoja, kwa mtu mmoja. Vibanda vidogo viko uani, mlangoni pa mama, ambapo mtoto anaweza kumwagilia bila kwenda mbali. Njooni mkae nasi uani saa nane mchana, jua likiwa kali, kisha tuamue pamoja nini kinunuliwe.