Makala hiyo ulishailipia kwenye karo

Ni saa sita usiku, uko Kangemi, bando linakaribia kuisha. Umepata makala ya kitaaluma inayofaa mradi wako wa mwaka wa nne, lakini tovuti inadai makumi ya dola ndipo uisome. Unachoka, unaokoteza chochote kwenye Google. Msimamizi akisoma, kazi inarudi.

Ngoja kwanza. Vyuo vingi nchini huchanga pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC, kulipia majarida ya mtandaoni. Tazama karatasi yako ya karo: mara nyingi ada ya maktaba imo. Sasa mbona ununue tena?

Anzia tovuti ya maktaba ya chuo chako. Uliza akaunti ya kusomea nyumbani hufunguliwa vipi. Ukikwama na uko Chuo Kikuu cha Nairobi, panda matatu hadi mjini, ingia maktaba ya Jomo Kenyatta Memorial, muulize mkutubi. Si aibu.

Nanyi wakuu wa vyuo, kuwatembeza wanafunzi maktabani wiki ya kwanza pekee hakutoshi. Rudieni somo hilo mwaka wa nne, wakati linahitajika kwelikweli.