BUSTANI YA NYUMBANI: Mmea wa kutambaa juu ya mlango



Mwanafunzi mmoja wa Kadutu ameona kitabuni picha ya nyumba ya Ulaya, ukuta wake umefunikwa na maua ya zambarau yaning'iniayo kama vishada vya zabibu. Atuuliza jina la maua hayo, na kama aweza kuyapanda kwao. Mmea huo ni wisteria; Wafaransa huuita glycine. Asili yake ni Uchina, Japani na Marekani, nao ni wa ukoo mmoja na maharagwe. Jina la wisteria ulipewa mwaka 1818, kwa heshima ya Caspar Wistar, mganga wa mji wa Philadelphia.

Rafiki yangu, sitakudanganya. Mmea huo hupenda nchi yenye majira ya baridi kali, upukutishe majani yake na kulala kwanza, ndipo uchanue vema. Hapa Bukavu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, baridi yetu ya asubuhi haitoshi. Utapata majani mengi na maua machache, au usipate hata moja. Tena ukipandwa kwa mbegu, waweza kukaa miaka 10 hata 15 kabla ya kuchanua. Na zaidi ya hayo, mbegu zake na maganda yake ni sumu, nayo yafanana na maharagwe! Penye watoto wadogo mimi singeupanda.

Lakini hamu ya kuona ua juu ya mlango si ya kudharauliwa. Wako wasemao kwamba kiwanja kidogo ni cha lengalenga na vitunguu tu. Kwa hao wote wawili, mpenda maua na mpenda chungu, nina jibu moja: marakuja, ambayo Waswahili wengine huyaita pasheni.

Litazame ua lake kwa utulivu. Wamisionari wa zamani huko Amerika ya Kusini waliona ndani yake Mateso ya Bwana wetu, nao wakaliita Ua la Mateso. Nyuzi zilizozunguka katikati, nyeupe na zambarau, ni taji la miiba. Vichwa vitatu vya juu ni misumari, na vitano vya chini yake ni madonda matano. Majani kumi ya ua ni Mitume kumi, wakiachwa Petro aliyemkana na Yuda aliyemsaliti. Vikono vya kujishikizia ni mijeledi. Katekista aweza kufundisha Njia ya Msalaba mbele ya mmea mmoja.

Sasa kazi. Mnamo mwezi wa sita toa mbegu katika tunda lililoiva vizuri, uziloweke siku mbili tatu, uzioshe, uzipande kivulini. Mbegu mpya huota baada ya majuma mawili hata manne. Miche ifikapo urefu wa shibiri moja na nusu, na mvua zimeanza, ipeleke shambani. Chimba shimo la nusu mita kila upande, uchanganye udongo na samadi iliyooza.

Lakini wapi? Hapo nakiri kosa langu. Nilipanda chini kabisa ya kiwanja, karibu na mtaro, nikidhani penye maji ndipo penye uhai. Mwezi wa nne, mvua zilipozidi, majani yalinyauka kwa siku chache, shina likaoza, na matunda mabichi yakabaki yakining'inia. Mama watoto alikuwa amekwisha kuyahesabia madaftari ya shule. Kwa ukaidi nikapanda tena katika shimo lile lile. Mmea wa pili ukafa kama wa kwanza, maana ugonjwa ule hukaa udongoni miaka mingi. Basi, chagua mahali ambapo maji hupita wala hayatuami. Walakini usichimbe ukingoni juu ya nyumba ya jirani. Mvua za mji huu zimekwisha kubomoa kuta za kutosha.

Simika nguzo mbili za mkaratusi, mita mbili juu ya ardhi, na waya mmoja juu yake, mbele ya mlango. Acha shina moja tu lipande. Likifika kwenye waya, likate ncha, uongoze matawi mawili, moja kuume na moja kushoto. Matawi madogo yatashuka kama pazia. Maua hutoka katika matawi mapya. Kwa hiyo baada ya mavuno yapunguze yale ya kale. Ukiona majani yenye mabaka na matunda madogo magumu kama mbao, ng'oa mmea wote uuchome, na kisu ukisafishe kwa moto kabla ya kugusa mwingine.

Wale nyuki wakubwa weusi wachongao matundu katika mbao kavu, msiwaue. Hao ndio wabebao unga wa ua.

Kwa kawaida matunda huanza karibu na mwaka mmoja baada ya kupanda. Wakatazeni watoto yale mabichi, kwani yana sumu. Lililoiva huanguka lenyewe; liokoteni asubuhi, kabla ya kuku.

Juma lijalo tutamjibu mama wa Bagira, ambaye kabichi zake zaliwa na viwavi.