Sheria za Miti Zitungwe na Wanaoishi Kivulini Mwake

Kila mwaka mvua zinapoanza twaona viongozi wameshika majembe na miche. Kila Halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka, na taarifa hufika makao makuu zimejaa tarakimu. Hatuna ugomvi na agizo hilo. Twauliza jambo jingine: mti ukishapandwa kando ya barabara, uwanjani mwa shule au katika ardhi ya kijiji, ni wa nani? Nani aweza kuukata, na nani atamzuia?

Wako watakaojibu kwamba sheria zipo. Ni kweli. Ipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na zipo Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, zilizozipa Halmashauri za miji, wilaya na vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini sheria ndogo iliyonakiliwa kutoka wilaya ya jirani, ikapigwa mhuri na kufungiwa kabatini, haijapata kumzuia hata mbuzi mmoja.

Tuitazame Shinyanga. Tangu zama za wakoloni misitu ya mkoa huo ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha ikafyekwa kwa ajili ya mashamba ya pamba. Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili: sehemu ya malisho na miti hufungwa mvua zinapoanza, mifugo isiikanyage mpaka kiangazi kimekuwa kikali. Watu walipohamia vijijini mwaka 1974 na 1975, ngitili nyingi ziliachwa nyuma na desturi ikalegea. Ndipo mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu vya miche. Baadaye mabwana misitu wakatambua kwamba wenyeji walikuwa na dawa yao tangu zamani. Ngitili zilizohesabiwa mwaka huo zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na miti mingi iliota yenyewe kutokana na visiki na mbegu zilizokuwamo ardhini.

Nani alizilinda hekta hizo? Si askari wa misitu, maana walikuwa wachache mno. Ulikuwa mkutano wa wazee na wananchi, dagashida, uliopanga mipaka na faini. Nao sungusungu waliwakamata wavunjaji. Mkata miti alijua kwamba atasimama mbele ya jirani zake. Hata hivyo, hatusemi kila kitu kilikwenda sawa: wenye ng'ombe wengi walijipatia ngitili kubwa, na asiye na mfugo alifaidi kuni na uyoga tu. Sheria isiyolitazama jambo hilo huzaa wezi wa kuni.

Mijini mambo ni magumu zaidi. Mwarobaini uliowapa kivuli fundi viatu na mama lishe kwa miaka ishirini huangushwa asubuhi moja, na wakazi hupata habari kwa mlio wa msumeno. Hatuwalaumu wafanyakazi walioushika msumeno huo, wao wametumwa. Tena yako matawi yanayogusa nyaya za umeme, na iko miti iliyooza shinani, ambayo hapana budi ikatwe. Ila mkazi wa mtaa anayo haki ya kuambiwa kabla, kwa tangazo lililobandikwa kwenye mti wenyewe: unakatwa kwa nini, kwa amri ya nani, na utapandwa upi badala yake.

Sheria imekwisha kuonyesha njia. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kutunga sheria ndogo bila kuwaita wanakijiji na kusikiliza maoni yao, ndipo ipelekwe wilayani kuthibitishwa. Wanachama na wafanyakazi wahudhurie mikutano hiyo, na ile ya mitaa, wadai ajenda ya miti: nani atamwagilia miezi ya kiangazi, mbuzi wa nani atozwe nini, faini iingie mfuko upi. Nazo Halmashauri, zinapotangaza idadi ya miche iliyopandwa, zitangaze pia ni mingapi iliyo hai baada ya kiangazi cha pili.