Sijui Kesho Yangu, na Bado Naamini

Wasee, kuna swali naulizwa kila nikishuka matatu pale Keroka: "Sasa utarudi chuo lini?" Huwa nacheka tu. Jibu la ukweli ni kwamba sijui.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imebaki Sh42,000, mkopo haukutosha, na jina langu halikuwa kwenye orodha ya kufanya mtihani. Nikarudi Nyamira na begi moja na simu yenye kioo kimepasuka. Video zangu za kwanza nilirekodi na hiyo simu, katikati ya majani chai ya mathe.

Wiki hiyo kila mtu aliniambia kitu kimoja: "Usijali, Mungu ana mpango." Kusema kweli, iliniudhi. Ni rahisi kusema hivyo kama karo ya mtoto wako imelipwa. Halafu kuna wale wahubiri wa mtandaoni wanaotaka utume "mbegu" kwa M-Pesa ndio mlango wako ufunguke. Hiyo mi naita kubeti, tena ya Jumapili.

Imani nimeiona kwa mathe. Chai ukipanda leo, hutachuna kitu cha maana kabla ya karibu miaka mitatu. Hapo katikati ni kupalilia tu. Na hata ikikomaa, mvua ya mawe ya huku kwetu inaweza kushuka alasiri moja ikaacha vijiti. Bonasi nayo hujui itakuwa ngapi. Mwaka 2025 ilishuka, na wakulima wengi wa Kisii na Nyamira wakalalamika sana. Mathe alilia. Ijumaa jioni Sabato ikaingia, akaimba na kina mama wenzake. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa shambani, kikapu mgongoni.

Nikamuuliza, "Mama, na mwaka ujao ikishuka tena?"

"Ya mwaka ujao Nyasae ndiye anajua," akasema. "Mimi najua haya majani nisipoyachuna leo yatakomaa, na hawatayapokea."

Hapo ndio nilimwelewa Ibrahimu. Waebrania 11 inasema aliondoka bila kujua anakoenda. Sisi tunamwona shujaa kwa sababu tumesoma stori mpaka mwisho. Yeye hakuwa ameisoma. Alikuwa tu mzee mwenye mahema na maswali.

Lakini msinielewe vibaya. Kumwamini Mungu si kunyamazia serikali. Mfumo wa kufadhili vyuo ulioanza 2023 una maswali mengi, na tutaendelea kuyauliza. Karo kupanda si mapenzi ya Mungu, ni maamuzi ya watu. Tusimsingizie.

Mimi nimeamua hivi: video tatu kwa wiki, na nusu ya kila shilingi inayoingia naenda kulipia deni la chuo. Limefika Sh31,000. Huenda nikarudi darasani, huenda nisirudi. Usiku naomba, na kuna siku naomba nikiwa na hasira. Asubuhi naamka nafanya kazi.

Kama umelala hapo unasoma hii ukiogopa mwaka ujao, hata mimi naogopa. Lakini wacha ya mwaka ujao kidogo. Leo una majani gani ya kuchuna? Niandikie, nitasoma zote.